Mshahara usiolipwa haudaiwi kwa mgomo

Mhariri,

Habari za migomo zikiandikwa magazetini, husemwa ni wafanyakazi wangapi wamekaa nje ya lango na mwajiri amejibu nini. Linalokosekana ni swali ambalo mahakama italiuliza kabla ya yote: mgogoro huu ni wa aina gani? Naomba nafasi nilifafanue, kwa sababu watu wanapoteza kazi kwa kutolijua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatenganisha mgogoro wa maslahi na lalamiko. Kutaka nyongeza isiyokuwamo kwenye mkataba ni mgogoro wa maslahi. Kudai mshahara wa Machi ambao mkataba unautaja na haujalipwa ni lalamiko, maana haki ipo tayari, kilichobaki ni kuitekeleza. Mgomo halali ni wa aina ya kwanza tu. Inauma, kwani aliyenyimwa jasho lake ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kukasirika, lakini sheria inamtaka apeleke lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu. Wengi wanakwama hapo hapo: wanakaa getini wiki baada ya wiki wakingoja tamko, na wanapokuja kujaza fomu namba 1 ya Tume, muda umeshapita. Inabidi waombe kwanza kusamehewe kuchelewa, kwa sababu za msingi, na ahadi za mdomo za meneja si sababu ya kutegemea. Nakala ya fomu hiyo apewe mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea uwasilishwe Tume pamoja na fomu yenyewe.

Tabia ya kungoja ina historia yake. Tanganyika iliruhusu vyama vya wafanyakazi kuandikishwa tangu 1932, na shirikisho la vyama hivyo, TFL, ambalo Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wake, lilianzishwa 1955. Mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi ilibana mgomo kiasi cha kuufanya karibu usiwezekane kihalali. Mwaka 1964 TFL ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, na katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Baadaye nafasi yake ikachukuliwa na JUWATA, kisha OTTU mwaka 1991. Mpaka Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998 ilipofungua mlango wa vyama vingi, mfanyakazi alikuwa amezoea kuona mgogoro wake ukimalizwa na mkubwa fulani kutoka juu. Ndiyo maana hadi leo umati unatulia pale mkuu wa wilaya anapofika na kuahidi kufuatilia. Kufika kwake si hatua ya kisheria, na hakusimamishi siku zisihesabike.

Kwa mgogoro wa maslahi, njia ipo. Unapelekwa Tume, ambako usuluhishi una siku 30, labda pande zote zikubaliane kuongeza. Ukishindikana, chama kinapiga kura kwa mujibu wa katiba yake, na wengi wa waliopiga wanatakiwa kukubali. Kisha mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Iandikwe, na apokee kwa saini. Aliyegoma kwa utaratibu huo hafukuzwi kwa kugoma, wala mwajiri haruhusiwi kuleta watu wengine kuziba nafasi yake, ingawa halazimiki kulipa mshahara wa siku zisizofanyiwa kazi. Watumishi wa maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege wamewekewa masharti ya huduma muhimu, hivyo wasiige wa kiwandani.

Sheria hii ina dosari nayo. Inakataza hata katika mgomo halali kusimama langoni na mabango kuwashawishi wenzako wasiingie. Kuwafungia waajiri ndani kukatazwe, hilo ni sawa kabisa. Lakini kumnyima mgomaji nafasi ya kusema na mwenzake kwa amani ni kuubakiza mgomo nusu, na Bunge linapaswa kukiondoa kifungu hicho.

Waandishi wako wakifika langoni, wamuulize kiongozi wa tawi: fomu imepokelewa Tume tarehe ngapi? Usuluhishi umekwisha? Kura zimepigwa, na matokeo yako wapi?

Msomaji wako,
Morogoro