Yule bibi wa Tweety ana jina

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu katuni za zamani za Warner Bros. imemwachia mwigizaji Mel Blanc sauti zote. Sifa zake sizipunguzi: kindege Tweety ni yeye, na paka Sylvester anayemwinda ni yeye. Lakini yule bibi mwenye miwani anayemtwanga paka kwa mwavuli ni Bea Benaderet, na inaniuma kuona ameachwa nje kwa mara nyingine.

Nasema kwa mara nyingine kwa sababu hamkuanza ninyi. Mkataba wa Blanc ulimpa haki ya kuandikwa kwenye skrini kama mwenye sauti, na wenzake hawakuandikwa. Benaderet aliifanyia studio hiyo kazi kuanzia miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1950. Alikuwa bibi huyo, na mwaka 1954 akawa sauti ya kwanza ya Hazel yule mchawi, kisha filamu zikaisha bila jina lake kuonekana. June Foray, aliyezirithi nafasi zote mbili, naye alianza vivyo hivyo.

Alizaliwa New York mwaka 1906, akakulia San Francisco, na redio ndiyo iliyomfunza. Redioni hakuna vazi wala uso wa kumsaidia mwigizaji. Tabia nzima ya mtu lazima isikike katika namna anavyovuta pumzi na kukata neno. Katika kipindi cha mchekeshaji Jack Benny alikuwa Gertrude, opereta wa simu ambaye yeye na opereta mwenzake humteta Benny huku Benny mwenyewe akisubiri kuunganishwa. Katika kipindi cha wachekeshaji George Burns na mkewe Gracie Allen alikuwa jirani yao, Blanche Morton. Kipindi hicho kilipoingia televisheni mwaka 1950 aliingia nacho, akadumu hadi 1958. Mume wa Blanche aliigizwa na wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine. Blanche alibaki yeye yule. Mwigizaji Lucille Ball alimtaka awe Ethel, jirani katika kipindi chake cha televisheni I Love Lucy, akamkosa, kwa kuwa alikwisha kufungwa na kazi ya Burns na Allen.

Mwaka 1960 akawa sauti ya Betty Rubble katika katuni ya televisheni The Flintstones. Msikilizeni Betty anavyocheka, kicheko kinachobanwa mdomoni kama cha mtu anayechelea kusikika na chumba cha pili. Mchoraji anaweza kuchora mdomo na mabega, lakini kicheko kile hakichoreki. Kwangu mimi hapo ndipo mhusika anapozaliwa, na ndiyo maana siwezi kukubali kwamba sauti ni jambo la pembeni katika katuni.

Alikuwa na miaka 57 alipopewa kwa mara ya kwanza kipindi ambacho yeye ndiye nguzo yake: Kate Bradley, mama mwenye hoteli katika kipindi cha televisheni Petticoat Junction, mwaka 1963. Miaka mitano tu baadaye, Oktoba 1968, saratani ya mapafu ikamuua.

Naomba mchapishe masahihisho, na si kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Toeni picha ya bibi na mwavuli wake, na chini yake muandike jina la mwenye sauti. Tafadhali liandikwe sawasawa: Benaderet, lenye t moja mwishoni.

Msomaji wenu wa siku nyingi