Kwa mdogo wangu uliyenipigia saa nane usiku

Marahaba, mdogo wangu. Najua shikamoo yako ilikuwepo usiku ule, ilimezwa tu na kilio.

Usiku wa kuamkia jana simu yako ilianza na "Dada, mtoto anaungua!" Nyuma yako nikamsikia shemeji anahangaika kumpata bodaboda. Nikakuuliza, ananyonya? Ukanijibu kipimajoto kinasoma 38.9. Nikarudia, ananyonya? Ukasema sasa ni 39. Mara ya tatu ndipo ukamgeukia mwenyewe, ukasema ndiyo, ananyonya, na ananivuta ushungi. Hapo nikaketi kitandani.

Nimekuomba ruhusa nikuandikie hapa wazi, kwa sababu tuliyosemezana kwa haraka usiku yanataka kuzungumzwa mchana, na wapo akina mama wengine wanaoyahitaji.

Kipimajoto hakikukudanganya. Kilikwambia mwili una joto, basi. Nimewahi kumwona mtoto mwenye 39.5 anagombania kikombe cha uji, na mwingine mwenye joto dogo tu kalala mikononi mwa mama yake kama kitenge kilicholowa. Huyo wa pili ndiye wa kukimbizwa. Wako angekuwa kichanga wa chini ya miezi miwili ningekwambia mengine kabisa: kwa umri ule hata 37.5 inatosha kukutoa nyumbani saa hiyo hiyo. Lakini ana miezi 14, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kumtazama.

Ukienda na mtoto mgonjwa, muuguzi huanza na maswali yale yale. Anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea, ukimwamsha hazinduki? Tatizo likiwa moja tu kati ya hayo, usingoje kukuche. Kisha pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue nguo, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni za haraka. Chini ya mwaka, kuanzia miezi miwili, ni 50. Huenda ni nimonia, apelekwe. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, toka na khanga uliyojifunga.

Wako alikuwa na 34. Nilikuwa nakusikia ukihesabu. Ulipofika ishirini, sauti yako ilikuwa imeacha kutetemeka.

Sikukwambia ulale, lakini. Nilikwambia uondoe yale mablanketi mawili, umpe panadoli kwa kipimo cha uzito wake, umnyonyeshe, umtazame tena kila saa, na alfajiri uwe mlangoni kwa zahanati. Huku kwetu Tanga homa ya mtoto haiachwi bila kupimwa malaria, hata akicheza. Malaria ya mtoto mdogo inaweza kugeuka kali ndani ya siku moja.

Sasa nikueleze ambalo sijawahi kukueleza vizuri. Mwanangu wa kwanza alipata degedege akiwa na miezi 19. Macho yakapinduka, mikono ikakakamaa, akawa anatikisika. Nyumba ilijaa watu. Mmoja alimtia kijiko kati ya meno, damu ikatoka mdomoni. Mwingine alisema ni yule ndege wa usiku amempitia kwa kivuli chake, na kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano anakufa. Unayajua maneno hayo, tumekua nayo. Degedege likakatika baada ya dakika chache, mtoto akalala, nami nikakaa naye pale chini hadi alfajiri nikiogopa hospitali kuliko ugonjwa. Watu wakisema taharuki hudhani ni kukimbia. Mimi taharuki ilinikalisha. Asubuhi akakutwa na malaria, akachomwa sindano hiyo hiyo tuliyoiogopa, na ndiyo iliyomponya.

Sitaki uyapite hayo. Degedege la homa huwapata watoto wengi kati ya miezi sita na miaka mitano, na mara nyingi hukoma lenyewe bila kuacha madhara. Lakini malaria iliyopanda kichwani nayo huleta mtikisiko wa namna hiyo hiyo, na kwa macho hutaweza kuzitofautisha. Kwa hiyo likitokea: mlaze ubavu, mahali asipoweza kuanguka, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si maji, si dawa. Tazama saa. Likipita dakika tano na bado anatikisika, ondokeni naye hivyo hivyo, amelazwa ubavu. Likikoma kabla, nendeni vilevile, hata akiamka anacheka. Na kama kuna mzee atakayesema habari za sindano, mwitikie kwa adabu huku miguu yako inakwenda.

Jana kipimo kilionyesha malaria, mkapewa dawa ya mseto. Leo ni siku ya pili, na najua ameshaanza kukimbiza kuku. Usiache. Dozi ni sita, asubuhi na jioni mpaka kesho, na apate maziwa au chakula chenye mafuta kidogo ndipo dawa ifanye kazi vizuri. Akiitapika kabla ya nusu saa, arudie dozi hiyo, kisha rudi zahanati wakuongezee iliyopungua. Na ile panadoli iliyobaki, itoe dirishani uiweke juu asikofika.

Leo jioni mwambie shemeji aandike namba za bodaboda wawili nyuma ya daftari la kliniki, wa pili ni kwa siku ambayo wa kwanza hapokei. Nauli iwekwe humo humo, isiguswe kwa mboga. Nami nipigie saa yoyote, hata hiyo saa nane. Ukiwa umeshamhesabia pumzi, nianzie na hiyo namba.

Dada yako