Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: zile pesa za pensheni za waliorudi kutoka Ujerumani

Mheshimiwa Waziri, salamu sana na pole kwa kazi.

Ule mkataba wa kupeleka Wakenya kufanya kazi tuliosaini na Ujerumani pale Berlin tarehe 13 Septemba 2024, watu wote walishikilia namba moja tu, eti nafasi 250,000, mpaka serikali ya Ujerumani yenyewe ikajitokeza kukana ikasema hakuna namba yoyote kwenye mkataba, na sisi huku tukabaki kubishana Facebook nani amedanganya nani. Hakuna aliyeuliza huyu kijana akimaliza miaka yake mitatu akarudi nyumbani, zile pesa za pensheni alizokuwa anakatwa kila mwezi zinaenda wapi. Mimi nauliza kwa sababu wanaorudi wanakuja kwangu. Nina saiba hapa Thika, naprinti, naskani, najaza fomu za kodi za KRA na za mkopo wa wanafunzi za HELB, na siku hizi najaza za Wajerumani pia.

Ukishika karatasi ya mshahara ya Ujerumani utaona vifupisho vinne upande wa makato: KV, RV, AV, PV. KV ni bima ya afya, AV ni ya ukikosa kazi, PV ni ya kutunzwa ukiwa huwezi kujihudumia, na RV ndiyo pensheni. Hapo kwa RV ndipo nawaambia vijana waweke kidole. Makato ya pensheni kule ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu analipa mwajiri na nusu analipa mfanyakazi, yaani wewe unatoa 9.3. Sasa chukua msichana wa Ausbildung ya unesi, yale mafunzo ya kazi unayolipwa ukiyafanya, tuseme analipwa yuro 1,200 kabla ya makato, kila mwezi anaacha yuro 111 na senti 60, kwa miaka mitatu hiyo ni zaidi ya yuro 4,000. Ukipiga na shilingi kama 150 kwa yuro unapata laki sita, Mheshimiwa. Laki sita! Hiyo ni ploti huku kwetu, au duka zima na stoki yake.

Na hizo pesa zinarudishwa, kisheria kabisa. Kama ulitoka Ujerumani ukaenda kuishi nje ya Umoja wa Ulaya, na wewe ni raia wa nchi kama yetu isiyo na mkataba wa hifadhi ya jamii na wao, unangoja miezi 24 tangu makato yaishe kisha unaomba urudishiwe ile nusu yako. Nusu ya mwajiri inabaki kwao, hiyo usahau. Kuomba ni bure, fomu iko kwa tovuti ya mfuko wao wa pensheni, Deutsche Rentenversicherung. Lakini hakuna mtu atakupigia simu akwambie njoo uchukue. Usipoomba zinakaa huko.

Shida inaanzia kwa hiyo miezi 24. Miaka miwili ni mirefu, mtu ashabadilisha laini ya simu, karatasi za mshahara aliziacha kwa chumba cha rafiki kule Leipzig, ile namba ya pensheni haikumbuki na hajui hata kama ilikuwa na maana. Halafu Wajerumani ni watu wa barua ya posta, barua ya ukweli yenye stempu, na mtu wetu anwani yake ni S.L.P. ya shule ya msingi aliyosomea au ya kanisa la mamake, barua inafika inalala ofisini kwa mwalimu mkuu mpaka inageuka rangi. Majina nayo ni kesi nyingine. Sisi tuna majina matatu, kwa pasipoti yako yote, kwa benki yako mawili, kule Ujerumani waliandika la katikati kana kwamba ndilo la ukoo, na kama binti ameolewa akabadilisha kitambulisho basi hapo kazi imeanza upya. Fomu inauliza IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, na benki zetu hazitumii IBAN, kijana anaogopa anaacha hapo wazi, kumbe angeandika namba ya akaunti na SWIFT, yaani kodi ya kimataifa ya benki yake.

Kwenye hilo pengo mabroka wameingia kama kawaida. Kuna mmoja, simtaji, aliyekuwa anachukua robo ya pesa za watu kwa kujaza kurasa chache ambazo ukikaa na mtu mwenye subira zinaisha kabla chai haijapoa. Mimi nachaji za kuprinti na za muda wangu na sioni aibu, biashara ni biashara, lakini robo? Na wengine wanaahidi hewa. Alikuja kijana mmoja aliyefanya mwaka wa kujitolea kwa nyumba ya wazee, ameambiwa kuna mamilioni yake, ikabidi nimwambie ukweli kwamba wale wa kujitolea mchango wote hulipwa na mwajiri, yeye hakukatwa kitu, na kinachorudishwa ni kile ulichotoa wewe tu. Hakufurahi.

Sasa kuna hii ya miezi 60 ambayo naona ndiyo inafaa kufundishwa kabla mtu hajapanda ndege. Ukifikisha miaka mitano ya michango unakuwa pia na haki ya pensheni yenyewe, utalipwa kila mwezi ukifika umri wao wa kustaafu ambao unaelekea 67, na utalipwa hata ukiwa Murang'a. Si mbaya, ni pesa kidogo lakini ni za maisha. Ila mtu ana haki ya kujua kabla ya kuamua kama anarudi mwezi wa 58 au anakaa mpaka wa 62, kwa sababu ni maisha mawili tofauti. Pia ukishachukua zako miezi yako yote inafutwa, ukirudi Ujerumani baadaye unaanza sifuri. Haya hayafai kusikika mara ya kwanza kwa mwenye saiba.

Najua utasema wengi wetu wako Saudia na Qatar si Ujerumani, ni kweli, na huko kiinua mgongo pia kipo kwa sheria. Qatar sheria yao ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2017 inampa angalau wiki tatu za mshahara kwa kila mwaka. Saudia ni mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka minne mfululizo kwa mwajiri, na kandarasi zetu nyingi ni za miaka miwili, sasa piga hesabu mwenyewe ni dada wangapi watafika hapo. Hiyo inahitaji barua yake.

Turudi Ujerumani kwa sababu hapa mlango uko wazi. Wahindi mkataba wao wa hifadhi ya jamii na Ujerumani unafanya kazi tangu 2017, Wafilipino tangu 2018, miezi waliyochangia kwao inahesabiwa pamoja na ya Ujerumani wakitafuta kufikisha ile 60. Manesi wao na manesi wetu wanasukuma vitanda kwa wodi moja. Wetu akilipa mfuko wetu wa NSSF miaka kumi hapa na miaka minne kule, kule hiyo kumi haionekani. Mheshimiwa, mlikaa na hawa watu mezani mkajadili viza na mafunzo, si mrudi mkae tena mjadili na hili?

Na wakati mkataba unangoja, kuna vitu vya wiki hii. Semina zenu za kabla ya safari ziongezwe saa moja ya RV, mtu aondoke akijua apige picha namba yake na aweke kila karatasi ya mwisho wa mwaka. Huduma Centre chache, Thika ikiwemo tafadhali, ziwe na afisa mmoja anayejua hiyo fomu na barua za Wajerumani zipokelewe kwa sanduku lenu badala ya la shule. Mzungumze na ubalozi pale Riverside Drive watu wa kaunti za mbali wasisafiri usiku kucha kwa ajili ya muhuri wa kuthibitisha hiyo fomu. Na familia za waliofariki wakiwa kule ziambiwe kwamba mjane na watoto pia wanaweza kuomba, hili karibu hakuna anayelijua, mpaka sasa sijaona tangazo lake popote kwa Kiswahili.

Afisa wako akitaka kuanza, aje nimpe nakala ya fomu niliyoandikia maelezo ya Kiswahili pembeni, kila kisanduku. Hiyo sitachaji.

Wako,
mwenye saiba, Thika