Oti huharibiwa na mdomo wa ng'ombe, si baridi

Mhariri,

Kila Januari huko Kinangop na Ol Kalou, matete (nepia) huamka yameungua kwa sakitu, na mfugaji huanza kuhangaika na marobota ya nyasi kavu. Katika mwinuko wa mita 2,400 kwenda juu, lishe inayostahimili baridi ni oti. Wengi wameipanda wakaiacha, wakilalamika kwamba ikilishwa mara moja haichipui tena. Kosa liko kwenye ulishaji.

Kwanza, ng'ombe huingizwa mapema mno. Shika konzi ya majani uvute. Yakikatika mkononi, mizizi imeshika. Mmea uking'oka, subiri. Mara nyingi huwa tayari ukifika sentimita 20 hadi 25, yaani wiki 8 hadi 10 baada ya kupanda, kwa kuwa baridi huichelewesha. Ng'ombe watoke ikiwa imebaki sentimita 8 hadi 10, maana majani hayo ndiyo yanayolisha machipukizi mapya. Gawa shamba kwa uzi wa umeme, kipande kimoja kwa siku, na usisahau uzi wa pili nyuma yao. Bila huo hurudi kung'ata machipukizi ya jana, ambayo ndiyo matamu. Udongo ukiwa na unyevu, kipande huwa tayari tena baada ya wiki 4 hadi 6.

Ukichelewa hadi shina liwe na vifundo, moyo wa mmea umekwisha kupanda juu, na ukiliwa shina hilo limekufa. Hapo ni heri kuiacha mpaka punje zikibinywa zitoe maziwa, kisha uikate uikaushe.

Kwa malisho ya Januari, panda mvua za vuli zinapoanza, si Desemba. Ekari moja hutaka kilo 35 hadi 40 za oti, au kilo 25 hadi 30 ukichanganya na kilo 10 za vechi, lishe ya jamii ya kunde. Mistari iachane sentimita 25 na mbegu iende chini sentimita 3 hadi 5. Ikikaa juujuu ni karamu ya ndege. Weka mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wakati wa kupanda. Jaribu kwanza mbegu 100 kwenye kitambaa chenye maji kwa siku 7. Zikiota chini ya 80, ongeza kiasi. Oti ya uji iliyokobolewa haioti, hata ikiuzwa rahisi kiasi gani.

Hatari kubwa ni nitrati, chumvi ya naitrojeni ambayo ikizidi kwenye lishe huwa sumu. Baada ya ukame au sakitu, hasa palipomwagwa mbolea ya CAN nyingi, hujikusanya sehemu ya chini ya shina. Ng'ombe huhema haraka, huyumba, na damu hugeuka rangi ya chokoleti. Mwite daktari wa mifugo mara hiyo, kwani dawa ipo lakini muda ni mfupi. Kwa hiyo usiwaingize wenye njaa. Wape nyasi kavu kwanza, ambazo pia hupunguza kufura tumbo kunakoletwa na vechi, na siku za mwanzo wale saa moja au mbili tu. Ng'ombe waliozaa karibuni wapewe chumvi ya madini yenye magnesi, kwa sababu oti changa ina kidogo. Vechi nayo isiachwe ikomae: mbegu zake ni sumu kwa ng'ombe.

Maafisa ugani wa mifugo,
Nyandarua