Changarawe kwa vifaranga: lini, kiasi gani, na kwa nini si chokaa

Ukiwahi kusafisha kuku unaijua firigisi. Unaipasua kwa kisu, unamwaga kilichomo, kisha unabandua ile ngozi ya manjano iliyokunjamana ndani. Kama kuku ni wa kienyeji aliyezoea kuparura uani, kisu hugonga mawe madogo, na mara nyingine kipande cha chupa kilichosuguliwa mpaka kingo zikawa laini. Kwa majirani zetu Waluhya firigisi, wao huiita imondo, huwekewa mwenye boma, lakini kabla haijafika sahanini mwake kuna mtu jikoni ameyatoa mawe hayo.

Hayo ndiyo meno ya kuku. Chakula hukaa kwanza kwenye gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, kikapita kwenye tumbo dogo lenye asidi, ndipo kikaingia firigisi. Misuli ya hapo ni minene, inabana na kuachia kutwa nzima, na mawe yaliyomo yanasaga punje na majani mpaka yawe uji.

Sisi tunauza vifaranga hapa Utawala, na karibu kila anayeondoka na boksi huuliza: niwawekee mchanga lini? Nasi humuuliza: utawalisha nini? Kifaranga anayekula mashi ya vifaranga peke yake hahitaji changarawe. Mashi imekwisha kusagwa, ikilowa maji inalainika yenyewe, na firigisi haina cha kuvunja. Mteja wa namna hiyo hatumuuzii changarawe. Pesa hiyo afadhali ainunulie chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa vifaranga.

Mambo hubadilika siku ile unapowatupia kitu kingine: sukuma wiki, mchicha, nyasi, mahindi yaliyovunjwa, mtama, wali uliobaki, hata kumbikumbi wa msimu wa mvua. Wakiwa nje kwenye udongo wenye vijiwe watajiokotea wenyewe. Lakini kuku wengi wa Nairobi wanaishi juu ya simenti, rosheni, au ndani ya banda lenye maranda. Na huku kwetu Utawala, Ruai na Embakasi udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi. Unanata miguuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka, na jiwe la kumfaa kifaranga humo ni la kutafuta.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Kayole na vifaranga watatu kwenye katoni. Walikuwa na wiki mbili, mabawa yameshuka, macho yamefumba. Nilimshika mmoja nikapapasa gole. Lilikuwa gumu kama gololi, na ilikuwa asubuhi, saa ambayo gole la kifaranga mzima huwa limenywea kwa sababu chakula cha jana kimeshashuka. Wa pili alikuwa ameshakufa. Kwa ruhusa yake nilimpasua juu ya gazeti. Ndani ya gole mlikuwa na nyuzi za sukuma wiki zilizojisokota kama utambi wa taa, na firigisini nyuzi zilezile, bila jiwe hata moja.

"Lakini changarawe niliwapa," akasema, akatoa mfuko kwenye kikapu. Aliuziwa dukani kama mawe ya kuku. Nilipoumwaga kiganjani nikaona ni kombe za baharini zilizopondwa, zile tunazowapa kuku wanaotaga ili maganda ya mayai yawe magumu.

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu kosa hili naliona kila mwezi. Kombe na chokaa ni chakula cha madini. Zikikutana na asidi tumboni huyeyuka, kwa hiyo hazikai firigisini kusaga chochote. Isitoshe, zinamjaza kifaranga kalisiamu asiyoihitaji. Mashi ya kuku wa kutaga huwa na kalisiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, ya vifaranga ni kama asilimia 1 tu, na kuna sababu ya tofauti hiyo: ikizidi kwa mtoto wa kuku, figo ndizo huharibika. Kama huna hakika una nini mfukoni, weka kijiko kimoja kwenye kikombe umwagie siki. Ikichemka povu, hiyo ni chokaa au kombe. Jiwe halisi la kusagia hukaa kimya. Yule mama tulimfanyia jaribio hilo hapo kaunta, na povu lilipopanda alinyamaza kwa muda mrefu. Wawili waliobaki tuliwaondolea chakula, tukawapa maji na kuyasugua magole yao taratibu kwa kidole. Mmoja alipona. Gole likikaa gumu hivyo kwa siku nzima, usisubiri zaidi, mtafute daktari wa mifugo.

Kosa la upande wa pili nililifanya mimi mwenyewe na kundi langu la kwanza. Niliweka sahani ya mchanga kwenye bruda, pale pa joto pa kulelea vifaranga, siku ya kwanza kabisa. Kifaranga wa siku moja hajui chakula ni kipi, anadonoa kila kinachometa. Asubuhi ya tatu nilikuta kadhaa wamejaa mchanga, wazito mkononi lakini wembamba kifuani, na wengine wamelala wasiamke. Tangu hapo wiki nzima ya kwanza ni mashi na maji safi peke yake, chini pametandikwa gazeti au gunia badala ya maranda, maana hata maranda huyameza.

Baada ya siku saba hadi kumi, wakiwa wanakijua chombo chao cha chakula, unaweza kuanza ikiwa unapanga kuwapa majani au nafaka. Tangulia na changarawe siku mbili kabla ya majani. Wakisha kushiba mashi, nyunyiza kidogo juu ya chakula kilichobaki, kama unavyotia chumvi kwenye kachumbari. Usiwape wakiwa na njaa, watajaza gole. Kuanzia wiki ya tatu hivi, weka kisahani chao pembeni, mbali na maji, kila mmoja achukue anachotaka. Usishangae kisahani kikikaa siku nyingi bila kupungua: jiwe gumu hudumu firigisini muda mrefu kabla halijasagika. Na sukuma wiki ikate nyembamba, toa ule uti wa katikati. Changarawe haitaokoa kifaranga aliyemeza uzi wa urefu wa kidole.

Ukubwa tunaupima kwa nafaka. Kifaranga, punje ya wimbi, yaani milimita moja hadi mbili. Akifika miezi miwili, punje ya mtama. Kuku mzima, ndengu.

Kutengeneza mwenyewe kunawezekana. Mchanga wa mto, ule unaoletwa na malori kutoka Machakos, unafaa, mradi usichukue penye mjengo ambapo umeshachanganyika na saruji. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Vumbi la kokoto la machimboni pia ni sawa likichekechwa. Tumia wavu wa mbu wa dirishani: unaopita ni mwembamba mno, mwaga. Uliobaki juu, toa mawe makubwa kwa mkono, osha kwenye karai mpaka maji yatoke meupe, kisha ukaange kwenye sufuria kavu mpaka ushindwe kuushika. Kukaanga huku usikuruke. Mchanga uliopitiwa na kuku wengine hubeba mayai ya vimelea vya kuhara damu. Dawa nyingi za kunyunyiza haziviui, ila moto unaviua.

Dukani tuna changarawe iliyokwisha kuchekechwa na kukaangwa, ya saizi zote tatu. Ukiwa na mchanga wako nyumbani, leta kiganja kimoja kwenye karatasi. Siki ipo kaunta na wavu upo, tutauangalia pamoja bila malipo.