Kalori 1,200 kwa Siku: Namba Moja, Miili Mitatu

Swali linalotufikia kuliko mengine yote ni hili: "Nikila kalori 1,200 kwa siku, nitapungua?" Wengine wameshateremka hadi 1,000, wengine 800, na namba hiyo wameitoa kwenye programu ya simu au kwa rafiki aliyepungua. Nasi, kabla ya kujibu, huuliza urefu, uzito, umri, kazi anayofanya mtu mchana kutwa, na dawa anazotumia. Bila majibu hayo 1,200 haisemi chochote. Kwa mtu mmoja ni njaa tupu, kwa mwingine ni karibu sawa na kile anachohitaji ili abaki vilevile alivyo.

(Kalori tunazotaja humu ni kilokalori, zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula.)

Hesabu, na watu watatu

Fomula tunayoanzia ni ya Mifflin-St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Chukua uzito kwa kilo, zidisha kwa 10. Chukua urefu kwa sentimita, zidisha kwa 6.25, kisha ujumlishe. Toa umri uliozidishwa kwa 5. Mwanamume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161. Hiyo ndiyo nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umelala tu, moyo unapiga, ini na ubongo vinafanya kazi. Jibu hilo zidisha kwa 1.2 ikiwa unashinda umekaa, 1.375 ikiwa unatembea na kufanya mazoezi mepesi siku chache za wiki, au 1.55 ikiwa karibu kila siku unatoka jasho. Watu wengi hujikadiria juu kwenye kipengele hiki cha mwisho. Ukisita kati ya namba mbili, chukua ile ndogo.

Sasa tuwaweke watu watatu mbele ya 1,200.

Wa kwanza ni mwanamume wa miaka 29, sentimita 180, kilo 104, kazi yake ya kubeba na kupanda ngazi. Akipumzika anatumia 2,025, na kwa siku nzima takribani 3,140. Akila 1,200 anapungukiwa na zaidi ya 1,900 kila siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700, kwa hiyo kwenye karatasi anapoteza kilo 1.7 hivi kwa wiki. Inavutia kuisoma, lakini kasi hiyo imeshavuka kiwango ambacho hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo huanza kupanda, na sehemu ya kinachopotea itakuwa misuli.

Wa pili ni mwanamke wa miaka 38, sentimita 158, kilo 84, mwenye mwendo wa wastani. Akipumzika 1,480, kwa siku 2,030. Kwake 1,200 ni kukata asilimia 41 ya chakula chote. Atapungua, ila anajipa kazi ngumu kuliko inavyohitajika. Kwenye 1,530 angepungua karibu nusu kilo kwa wiki, huku akiwa bado na nafasi ya kula na wenzake mezani.

Wa tatu ni mama wa miaka 63, sentimita 150, kilo 62, anayeshinda amekaa. Akipumzika 1,080, kwa siku takribani 1,300. Huyu ndiye anayeumia kimyakimya. Anafuata 1,200 kwa uaminifu, na tofauti ni kalori 100 tu, yaani kilo moja kwa karibu siku 80. Mizani haionekani kusogea, anaambiwa hana nidhamu, anashuka hadi 900. Hapo protini, chuma na kalisi haviwezi kutosha, katika umri ambao misuli na mifupa tayari vinapungua. Kwake dawa ni kuongeza mwendo: kutembea kila siku na mazoezi ya nguvu mara 2 au 3 kwa wiki, huku chakula kikibaki pale pale au kikipunguzwa kidogo sana.

Kinachoharibika, na sababu yake

Wiki ya kwanza ya kula kidogo sana humpa mtu matumaini makubwa. Mwili huhifadhi takribani gramu 400 hadi 500 za wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu hushikamana na gramu 3 hivi za maji. Akiba hiyo ikitumika, maji nayo hutoka, na mizani inaweza kushuka kilo 2 ambazo mafuta ndani yake ni kidogo. Siku atakayokula kawaida, maji hurudi, naye hudhani amenenepa usiku mmoja.

Misuli hupotea pale protini inapokuwa haba na misuli haipewi kazi. Mawe ya nyongo yana njia yake, na inafaa kuieleza kwa sababu watu hudhani mafuta yote ni adui. Mwili unapoyeyusha mafuta kwa haraka, ini humwaga kolesteroli nyingi zaidi ndani ya nyongo. Wakati huohuo mtu hali mafuta, kwa hiyo mfuko wa nyongo haupati sababu ya kujikamua. Nyongo nzito inatuama na kuganda. Hatari hupanda hasa kwa wanaopungua zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki. Ndiyo maana hatumruhusu mteja wetu kula milo isiyo na mafuta kabisa: angalau mlo mmoja kwa siku uwe na gramu 10 za mafuta, kiasi kinachofanya mfuko huo ujikamue.

Nywele hukatika miezi 2 au 3 baadaye, na kwa kuwa zimechelewa, mtu hulaumu sabuni. Wanawake wengine hedhi huruka au hukatika. Choo kigumu, baridi ya mikono na kizunguzungu cha kuinuka ghafla hutangulia mapema zaidi.

Jambo moja lililoenea tunalikataa: kwamba ukila kidogo sana mwili "hujifunga" na kugoma kuchoma mafuta. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 waliojitolea walilishwa takribani nusu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 24. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Kweli miili yao ilianza kutumia nishati kidogo, walisikia baridi, walichoka, walinyong'onyea, na mawazo yao yote yakawa chakula. Lakini kupungua walipungua. Kwa hiyo anayesema "nakula 800 na sipungui" tunamwamini kwamba anateseka, ila tunakwenda kutafuta kalori zilizojificha.

Na mara nyingi zipo. Mwaka 1992 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa kikundi kidogo cha watu waliosema wanakula chini ya 1,200 bila kupungua. Vipimo vilionyesha kwamba kiasi walichoripoti kilikuwa pungufu kwa wastani wa asilimia 47 ya walichokula kweli. Hakuna aliyehitaji kuwa mwongo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Konzi ya karanga, gramu 30, ni 170 au zaidi. Kisha kuna siku za mapumziko: siku tano za 1,200 na siku mbili za 2,800 ni wastani wa 1,657 kwa siku. Siku hizo mbili si udhaifu wa mtu. Ni njaa ya siku tano inayodai haki yake.

Wasiojaribu kabisa bila daktari

Mjamzito asifuate mlo wa kupunguza uzito. Anayenyonyesha anahitaji nishati zaidi ya kawaida, hahitaji pungufu. Vijana walio bado wanakua, na yeyote mwenye historia ya kujinyima chakula kupita kiasi au kula na kujitapisha, wasipewe namba ndogo ya kufukuzia. Kwao kuhesabu tu kunaweza kuamsha ugonjwa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi na gliklazaidi yumo hatarini zaidi, kwani dozi ile ile aliyoizoea, chakula kikipungua ghafla, hushusha sukari hadi mtu akazimia. Dawa za presha nazo: uzito ukishuka na chumvi ikipungua, dozi ya zamani inakuwa kali, na mtu anaanguka akiinuka kitandani. Wenye ugonjwa wa figo, moyo, ini au gauti waanzie kwa daktari. Gauti tunaitaja kwa makusudi, kwa sababu kupungua kwa kasi hupandisha asidi ya yuriki na kuamsha maumivu ya kiungo kwa mtu aliyedhani anajitibu.

Wanamichezo hujisahau hapa. Mtu anayekimbia kilomita nyingi na kula 1,200 huwa hajaacha chochote cha kuendesha mwili baada ya mazoezi. Mifupa huvunjika kwa nyufa ndogondogo, homoni huvurugika.

Lakini mbona hospitali hutumia kalori 800?

Ni kweli, na hatutaki kuficha. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapa watu wenye kisukari cha aina ya 2 kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao, asilimia 46, kisukari chao kilikuwa kimerudi nyuma bila dawa. Ni matokeo makubwa.

Angalia ilivyofanyika, maana uzito wote uko hapo. Walioteuliwa walikuwa wamegundulika na kisukari ndani ya miaka 6. Chakula kilikuwa cha maalumu, cha unga wa kuchanganya, chenye vitamini na madini kamili. Dawa za kisukari na presha zilisimamishwa na wataalamu siku ya kuanza, na kurudishwa palipohitajika. Kisha chakula cha kawaida kilirudishwa hatua kwa hatua kwa wiki 2 hadi 8, na ufuatiliaji ukaendelea. Mwongozo wa Uingereza nao huweka ukomo wa wiki 12 kwa mlo wa chini ya 800. Hiyo ni tiba yenye mwanzo, msimamizi na mwisho. Kukata chakula cha nyumbani nusu na kuendelea mpaka nguvu ziishe ni jambo jingine kabisa. Miaka ya 1970 nchini Marekani vinywaji vya protini duni vilivyouzwa kama mlo mzima vilihusishwa na makumi ya vifo, moyo ukipoteza mdundo wake.

Tunavyopanga namba ya mteja

Fomula hukosea, hivyo tunaipima. Wiki 3 za kwanza mteja hali tofauti na kawaida yake. Anaandika tu, akipima kwa mizani ya jikoni, na mafuta akiyapima kabla hayajaingia kwenye sufuria. Anajipima uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kunywa chochote. Tunalinganisha wastani wa siku 7 za mwanzo na wa siku 7 za mwisho. Uzito wa siku moja tunaupuuza. Kwa wanawake wanaopata hedhi, maji pekee huweza kuficha kilo nzima.

Tuseme ameandika wastani wa 1,850, na kati ya katikati ya wiki ya kwanza na katikati ya ya tatu, yaani siku 14, amepungua kilo 0.3. Kilo 0.3 mara 7,700, gawanya kwa 14, ni 165. Matumizi yake ni karibu 2,000. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata kama anasahau vitu vidogo, akiendelea kusahau kwa kiasi kile kile, namba bado itamfaa.

Kutoka hapo tunatoa asilimia 15 hadi 25, kwa hiyo 1,500 hadi 1,700. Protini tunaipanga kwanza: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito anaoulenga. Anayelenga kilo 70 anahitaji gramu 84 hadi 112. Yai moja lina gramu 6, gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa zina 30, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, glasi ya maziwa 8. Jaribu kupanga hayo ndani ya 800, pamoja na mboga, matunda na mafuta kidogo, utaona mwenyewe kwa nini hospitali hutumia unga wa maalumu.

Baada ya wiki 4 tunaangalia upya. Akipungua zaidi ya asilimia 1 ya uzito kwa wiki baada ya wiki mbili za mwanzo, tunaongeza 100 hadi 150. Asipopungua, tunakagua maandishi kwanza, hasa mafuta, vinywaji na siku za mapumziko, ndipo tupunguze 100 au tuongeze hatua za kutembea. Aliyekwisha kukaa kwenye 1,000 kwa miezi tunampandisha 100 hadi 150 kila wiki, na tunamwambia mapema kwamba kilo moja au mbili za maji zitarudi.

Ukipata maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, macho ya manjano, moyo kudunda ovyo au kuzimia, usitusubiri sisi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hedhi ikikosekana miezi 3, muone daktari hata kama unajisikia vizuri.

Unapokuja mara ya kwanza, njoo na orodha ya dawa zote na dozi zake, majibu ya vipimo vya damu kama unayo, na maandishi ya siku 3 za ulichokula, mojawapo ikiwa siku ya mapumziko. Usisafishe maandishi hayo. Tunayahitaji yalivyo.