Mkojo wa mtoto mchanga ukingwe, usikamuliwe kwenye nepi

NDUGU Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie kikopo cha mkojo. Mama aliyebeba mtoto wa miezi minne mwenye homa anapewa kikopo dirishani na kuambiwa, "Leta mkojo." Basi. Aukinge vipi, haambiwi. Anakaa benchi saa nzima, mtoto amefungwa nepi, mwisho anachomeka pamba ndani ya pampasi, inalowa, anaikamua kikoponi. Wengine husonga nepi ya kitambaa. Maabara inapokea, majibu yanatoka: seli za usaha, bakteria wengi. Mtoto anaandikiwa dawa. Homa ikirudi mwezi unaofuata, mkojo unachukuliwa kwa njia ileile, majibu yanakuwa yaleyale, na sasa mtoto ana kile mitaani kinachoitwa "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha.

Huenda anayo kweli, huenda hana. Kwa mkojo uliokamuliwa, hakuna daktari wala mtaalamu wa maabara anayeweza kujua.

Bakteria anayesababisha UTI mara nyingi kuliko wengine wote ni E. coli, na makazi yake ya kawaida ni utumbo wa mtu yeyote mwenye afya. Kwa mtoto anayevaa nepi, bakteria huyo amejaa kwenye ngozi ya makalio na sehemu za siri hata kama kibofu chake ni safi kabisa. Mkojo ukipita juu ya ngozi hiyo, au ukikaa kwenye pamba iliyoigusa, unambeba. Na E. coli wa kwenye ngozi hatofautiani kwa sura na E. coli wa kwenye figo. Pamba nayo ina matatizo yake: nyuzi zake huingia kwenye mkojo na kuonekana chini ya hadubini, na baadhi ya seli hunaswa humo zisifike kikoponi. Chembechembe za pampasi zinazogeuka ute zikilowa hunywa maji ya mkojo, kwa hiyo kinachokamuliwa si mkojo ule alioutoa mtoto. Taasisi ya NICE ya Uingereza inasema waziwazi katika mwongozo wake kwamba pamba, shashi na pedi za hedhi zisitumike kukusanya mkojo wa mtoto.

Suala hili si dogo kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine ulichunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5 ya watoto hao, na UTI kwa asilimia 5.9. Yaani UTI ipo, na si ya kupuuzwa, kwa sababu kwa mtoto mchanga inaweza kupanda hadi kwenye figo na kuacha makovu, au kuingia kwenye damu. Lakini watoto wengi wenye homa hawana UTI. Hapo ndipo hesabu inapouma. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, kilipigia hesabu mkojo uliokusanywa kwa mfuko wa kubandika sehemu za siri. Chukua watoto 100, watano kati yao wana UTI kweli. Wote watano watakutwa na bakteria. Kati ya 95 wazima, asilimia 37 hivi nao watakutwa na bakteria, kwa sababu mkojo umechafuka njiani. Hao ni kama 35. Kwa hiyo watoto 40 watapewa dawa, na 35 hawazihitaji. Hapo tunazungumzia mfuko maalumu uliotengenezwa kiwandani, sehemu za siri zikiwa zimesafishwa kwanza. Pamba ya kwenye pampasi hatujaigusa.

Njia bora ambayo haimuumizi mtoto ni kuukinga mkojo ukiwa hewani, kabla haujagusa kitu. Inahitaji watu wawili, kikopo kisicho na vijidudu chenye mfuniko wa kuzungusha, na subira. Usifungue kikopo mpaka mtoto awe tayari. Chupa ya jamu au ya dawa iliyooshwa nyumbani haifai, na ikisuuzwa kwa jiki ndiyo mbaya zaidi: mabaki ya jiki yanaweza kubadili rangi ya kijiti cha kipimo kikaonyesha damu au sukari ambayo haipo.

Mtoto anyonyeshwe vizuri, kisha wasubiri dakika 20 hadi 25. Afunguliwe nepi, asafishwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, asuuzwe sabuni iishe, akaushwe kwa kitambaa safi. Dawa ya kuua vijidudu isitumike kusafishia. Ikibaki kwenye ngozi inaingia kikoponi na kuua bakteria tunaowatafuta, halafu majibu yanasema mtoto ni mzima. Kwa msichana, mashavu ya nje yatenganishwe taratibu na kupanguswa kutoka mbele kwenda nyuma, si kinyume. Kwa mvulana ambaye hajatahiriwa, govi lisivutwe kwa nguvu. Katika umri huo huwa bado limeshikana na kichwa cha uume, na kulilazimisha ni kumjeruhi. Pangusa ncha, inatosha.

Baada ya hapo, mmoja amshike mtoto, mwingine akae na kikopo mkononi. Matone ya kwanza yaachwe yamwagike, kwa kuwa ndiyo yanayoosha mlango wa njia ya mkojo. Yanayofuata ndiyo yanayokingwa, bila ukingo wa kikopo kugusa ngozi. Mililita 2 hadi 5 zinatosha kabisa, na hata mililita 1 inaotesheka, yaani maabara inaweza kuwakuza bakteria wake ili waonekane. Wapo wanaosubiri kikopo kijae, hakuna haja.

Kusubiri ndiko kunakowachosha watu, na ndiko kunakowarudisha kwenye pamba. Lakini zipo mbinu mbili za kuharakisha ambazo hazigharimu kitu. Ya kwanza ni ya watoto wasiozidi mwezi mmoja. Ilielezwa na madaktari wa Hispania mwaka 2013 baada ya kuijaribu kwa watoto 80. Mtoto akishanyonya na kusafishwa, mtu mmoja anamshika chini ya makwapa miguu ikining'inia. Mwingine anampigapiga kwa ncha za vidole, taratibu, juu kidogo ya kinena palipo kibofu, kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika, muda wa sekunde 30. Kisha anasugua kwa vidole gumba sehemu ya chini ya mgongo, pande mbili za uti, sekunde 30 nyingine. Wanarudia hivyo kwa zamu. Asilimia 86 ya watoto hao walikojoa, kwa wastani ndani ya sekunde 57. Anayepiga kwa nguvu akidhani ataharakisha anakosea: mtoto akilia na kujikaza, mkojo unazuilika.

Ya pili ni ya mtoto wa mwezi mmoja hadi mwaka. Watafiti wa Melbourne, Australia, waliichapisha mwaka 2017 baada ya kuijaribu kwa watoto 354. Kipande cha shashi kinalowekwa kwenye maji ya chumvi ya dripu yaliyopozwa, kinashikwa kwa koleo, kisha kinasuguliwa kwa mzunguko juu ya kinena. Ndani ya dakika tano, asilimia 31 ya waliosuguliwa walikojoa, dhidi ya asilimia 12 ya walioachwa wasubiri tu. Ndiyo, bado watoto wawili kati ya watatu hawakukojoa. Si muujiza. Lakini ni dakika tano tu, na anayesugua awe na mwenzake aliyekwisha kufungua kikopo, maana baridi ikifanya kazi haitoi taarifa.

Maji hayo yapozwe kwenye jokofu la maabara au kwenye kasha la barafu. Friji ya chanjo ni ya chanjo peke yake. Isiwekewe dripu, wala vikopo vya mkojo, hata kama ndiyo friji pekee kituoni.

Mfuko wa kubandika nao una kazi yake, ila wengi hawaijui. Ukibandikwa kwenye ngozi iliyosafishwa na kukauka, isiyo na poda wala mafuta, ukachunguliwa kila dakika 15 na kutolewa mara tu mkojo unapoingia, unafaa kwa kijiti na hadubini. Majibu yakiwa safi kabisa, UTI inakuwa si rahisi kuwepo, na hiyo ni faida kubwa. Yakionyesha dalili, mkojo wa mfuko umeishia hapo. Achukuliwe mwingine kwa njia safi ndipo uoteshwe. Kuotesha mkojo wa mfuko ni kupoteza sahani ya kuoteshea na kumchanganya daktari.

Kwenye kijiti tahadhari iwepo pia. Alama ya naitraiti inahitaji mkojo ukae kibofuni saa nne hivi ili bakteria waitengeneze. Mtoto mchanga anakojoa mara nyingi zaidi ya hapo, hivyo naitraiti ikikosekana haina maana kwamba hana UTI. Ikiwepo, hiyo ni ishara nzito.

Mtoto aliye hoi hasubirishwi na kikopo. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, huyo mkojo wake utolewe kwa mpira mwembamba unaoingizwa hadi kibofuni, namba 5 au 6, chini ya usafi kamili, kisha dawa ianze. Mpangilio ni huo, mkojo kwanza, dawa baadaye, kwa sababu dozi moja tu ya antibayotiki inaweza kuufanya mkojo usioteshe kitu ndani ya saa chache. Mpira ukishindikana, matibabu yasicheleweshwe kwa ajili ya mkojo.

Kuna wazazi wanaokataa mpira wakihofia binti yao "ataharibiwa". Waelezwe kwa upole kwamba mpira unapita kwenye tundu la mkojo, ambalo liko juu ya uke na ni njia nyingine kabisa. Kwa muuguzi: mpira ukiingia ukeni kwa bahati mbaya, uuache hapohapo kama alama, chukua mwingine mpya uelekeze juu yake. Ukiutoa na kuutumia uleule, umeshapeleka bakteria kibofuni. Hata kwa mpira, matone ya mwanzo yamwagwe. Ipo pia njia ya kuvuta mkojo kwa sindano juu ya kinena, ambayo ndiyo safi kuliko zote, lakini hiyo ni ya daktari aliyefundishwa, tena ikiwezekana aone kwanza kwa utrasaundi kwamba kibofu kina mkojo.

Mkojo ukishapatikana, saa inaanza kuhesabu. Kwa joto la pwani yetu, tuseme bakteria anajigawa kila dakika 40, ambayo si kasi yake kubwa. Ndani ya saa nne watakuwa wameongezeka mara 64. Wachache walioponyoka kutoka kwenye ngozi wanageuka maelfu kikopo kikiwa dirishani. Ufike maabara ndani ya saa mbili. Ikishindikana, ukae kwenye ubaridi wa nyuzi 4 hivi, usizidi saa 24, na usigande. Vikopo vyenye unga wa asidi ya boriki vinasaidia penye safari ndefu, ila ni lazima vijazwe hadi mstari. Mkojo ukiwa kidogo, asidi inakuwa kali kupita kiasi na kuua bakteria. Kwa mtoto mchanga, ambaye mililita 3 ni bahati, kikopo kitupu na barafu ni salama zaidi.

Sasa ombi letu kwa waganga wafawidhi na wanaochapisha fomu za maabara. Kwenye fomu ya kupima mkojo kuna jina, umri na kipimo kinachoombwa. Kiongezwe kijisehemu kimoja: mkojo umepatikana vipi, na saa ngapi. Kwa anayesoma sahani, hilo linabadili kila kitu. Kitanzi cha kuoteshea kinabeba elfu moja ya mililita, kwa hiyo kila kundi moja la bakteria linaloota linawakilisha bakteria 1,000 kwa mililita. Makundi 100 ya aina moja, yaani 100,000 kwa mililita, yana uzito kwenye mkojo uliokingwa hewani. Kwenye mkojo wa mpira, 50,000 zinatosha. Kwenye mkojo wa sindano, hata makundi machache ni ugonjwa. Aina tatu za bakteria zilizochanganyika ni uchafu, na jibu sahihi ni "leteni mwingine", si orodha ya dawa. Bila kujua njia, mtaalamu anasoma namba asiyojua maana yake.

Kliniki ya watoto itenge pia kona yenye kitanda, beseni la maji na pazia, na muuguzi mmoja amwoneshe mama kwa vitendo badala ya kumpa kikopo akahangaike nacho nje. Jina la mtoto liandikwe kwenye kikopo chenyewe, si kwenye mfuniko, kwa kuwa mifuniko ikifunguliwa mezani hubadilishana.

Wauguzi na wataalamu wa maabara,
Dar es Salaam